Chumvi kwenye Shina la Mlimau

4 Januari

Wifi,

Salamu nakupa kwa sababu barua haianzi bila salamu. Mimi mzima. Goti linanisumbua, lakini hilo halikuhusu.

Baba Mkubwa ameshasema, na unamjua alivyo. Miaka thelathini ya ukarani wa mahakama, hata akikohoa anataka iandikwe. Kwenye kikao cha familia nilimwambia wazi kwamba nyumba ya wazazi wetu tuiuze, maana kaka yangu hayupo tena na wewe ni wa kushona, si wa kutunza. Tangu Mama afariki bustani ikaangukia mikononi mwako, ua umekuwa kipara. Mawaridi ya getini yamekufa yote. Kwenye matuta ya mboga paka ndio wanalala. Umebaki mlimau wa Mama tu, na huo umebaki kwa ubishi wake mwenyewe.

Baba Mkubwa akasema hamtoi mjane nje bila kumpa nafasi. Umepewa mpaka tarehe mosi Agosti. Siku hiyo atakuja kuangalia kwa macho yake. Akikuta bustani, unabaki, na hati ya nyumba inaandikwa jina lako. Akikuta vumbi, unafunga cherehani yako unaondoka. Na kwa kuwa mimi nimekuwa bibi shamba maisha yangu yote mpaka nikastaafu, nimeamriwa nikuelekeze. Kwa barua, si kwa simu, ili siku hiyo azisome zote na asitokee wa kusema hakuambiwa.

Sikuficha kwamba sikupenda. Kaka yangu wa pekee alilazwa siku tisa. Siku tisa hukunipigia. Ulinipigia ameshakata roho, nikasafiri siku mbili, nikakuta udongo umeshasawazishwa. Ukasema simu yako ilikuwa mbovu. Ikapona siku aliyokufa yeye. Leo nikufundishe kupanda mchicha.

Haya. Lima matuta mawili upande wa jua la asubuhi. Pasua mabonge, toa mawe. Nunua mbegu za mchicha na miche sita ya mawaridi, uanze na hivyo. Nyanya tutazifikia.

Wifi yako,
Bibi Shamba


27 Januari

Wifi mpendwa,

Pole na goti. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa.

Nimefanya ulivyosema. Matuta nimeyapima kwa tepu yangu ya kupimia nguo, yamenyooka, hata wewe ungepita ungesimama. Mbegu za mchicha niliona aibu kuzimwaga ovyo. Nikaziweka moja moja kwa ncha ya sindano, nafasi sawa sawa kama vifungo vya shati, kila moja nimeizamisha kidole kizima chini. Halafu udongo ulikuwa umevimbavimba, nikaupiga pasi. Pasi baridi, usishtuke. Ukawa tambarare kabisa. Leo wiki ya pili na nusu, hakuna hata kimoja kilichochungulia.

Mawaridi nayo yanakauka. Jana nilifukua moja niangalie linaumwa nini, nikakuta ule mfuko mweusi wa nailoni lilioletwa nao bado uko mwilini. Muuza miche hakuniambia niuvue. Mimi nguo ikija kwenye mfuko naitoa, lakini mche nilidhani ndio umevaa.

Kuhusu simu, ilikuwa mbovu. Nimeshasema, sirudii.

Na kwa kuwa Baba Mkubwa atasoma, asome na hili. Mimba yangu ilipotoka, wanawake wamejaa sebuleni kunipa pole, wewe ulisimama mlangoni ukasema mikono yangu haioteshi kitu, si uani, si tumboni. Mume wangu aliinamisha kichwa. Wanawake walichunguza vikombe vyao. Ni miaka sita sasa, na sentensi hiyo naijua kwa moyo na pale ulipovuta pumzi katikati. Kwa hiyo nitaotesha, wifi. Nitaotesha mpaka geti lishindwe kufunguka.

Fundi


10 Februari

Wifi,

Nimecheka mpaka goti limeuma. Pasi! Miaka yote nimezunguka vijijini nafundisha watu kulima, nimeona mengi, pasi sijawahi.

Mbegu za mchicha humwagwa juu juu, unafunikia udongo mwembamba kwa vidole, basi. Mifuko ya miche huchanwa kabla ya kupanda. Hilo nililiacha kwa kuwa nilidhani kila mtu analijua.

Nilichosema mwaka ule nilikisema, sikanushi. Nilikuwa na hasira zangu. Tuendelee na kazi.

Sasa nyanya, kwa sababu Baba Mkubwa ataangalia nyanya kwanza. Siri yake ni mbolea. Chukua samadi ya kuku, mbichi, siku hiyo hiyo inapotoka bandani, ile ambayo ukiinama inakutoa machozi. Ikipoa imeisha nguvu. Kila shimo weka viganja viwili, mche uupande juu yake hapo hapo. Na maji: saa sita mchana, jua likiwa utosini, ndipo mmea una kiu. Mimina juu ya majani yalowe yote, kila siku bila kukosa.

Fuata hivyo utaniona mwalimu.

Wifi yako,
Bibi Shamba


22 Aprili

Wifi,

Leo nakushukuru, na kalamu inashangaa kuandika neno hilo.

Nyanya zangu zimesimama! Kumi na nne, majani yamekolea, mashina yamenenepa kama vidole gumba. Mchicha nimeshachuma mara mbili. Mawaridi mapya, safari hii yakiwa uchi, yametoa machipukizi. Mteja mmoja alikuja kupima gauni akaniuliza nani ananilimia. Nikamjibu ni mimi, na nikamkosea kipimo cha kiuno kwa furaha.

Nikueleze ukweli, sikufuata neno kwa neno. Ile samadi ilipoletwa, nilifungua gunia nikalifunga. Ilinipiga machoni kuliko vitunguu. Nikalisukuma nyuma ya tanki la maji, nikasema kesho. Kesho ikawa wiki tano. Nilipolifungua tena ilikuwa imekauka imekuwa nyeusi, hainuki, nikaitia kwenye mashimo bila taabu. Na maji ya saa sita siwezi, muda huo wateja wamejaa na miguu yangu iko kwenye cherehani. Namwagilia jioni nikifunga kazi, tena chini kwenye shina, kwa sababu ndoo ni nzito siwezi kuinyanyua mpaka juu ya majani. Najua nimekosea lakini vimekubali hivyo hivyo. Bila shaka ingekuwa bora zaidi ningekusikiliza.

Shida ni mlimau wa Mama. Sisimizi wanaupanda mstari mmoja mpaka kileleni na majani mengine yamejikunja. Naogopa kuugusa. Niambie dawa.

Fundi


3 Mei

Wifi,

Nimefurahi. Kila mtu ana siku yake ya bahati, na wewe umepata ya kwako.

Ila usijidanganye. Bahati haikai mpaka Agosti. Kuanzia sasa fuata neno kwa neno, maana ukiharibu mwishoni nitalaumiwa mimi.

Sisimizi wa mlimau dawa yake ni chumvi ya mawe. Chimba mfereji kuzunguka shina, karibu kabisa na mizizi, ujaze kilo tatu, umwagie maji mpaka iyeyuke yote iingie ndani. Rudia kila wiki mpaka uone tofauti. Mama alikuwa akifanya hivyo, nilimwona kwa macho yangu nikiwa mdogo. Na nyanya hamisha maji yawe saa sita kama nilivyokwambia.

Wifi yako,
Bibi Shamba


11 Mei

Dada yangu,

Hujambo na watu wako? Hii soma peke yako.

Unakumbuka nilikwambia Wifi amelainika, ananielekeza kilimo kwa moyo mmoja? Jana nilikwenda sokoni kutafuta chumvi ya mawe, kilo tatu. Nikapita kwa yule mama muuza miche aliyeniuzia mawaridi, nikamwomba na ndoo ya kuazima. Akaniuliza chumvi yote hiyo ya nini. Nikamwambia ya mlimau. Akasema, "Unataka kuupanda au kuupika?" Akacheka, mimi sikucheka, naye akaacha.

Nikatoa barua zote kwenye mkoba nikamsomea pale pale, katikati ya viriba vyake vya miche. Ya samadi mbichi akasema inaunguza mizizi, mche unakufa siku tatu. Ya maji ya saa sita juu ya majani akasema hiyo ni kuukaribisha ugonjwa. Ya chumvi akauliza huyu aliyeandika kazi yake nini. Nikamwambia bibi shamba mstaafu. Akasema, "Basi mwanangu, huyu hakukosea. Huyu anajua anachofanya."

Dada, nimepona kwa uvivu wangu! Kama ningekuwa mwanafunzi mzuri saa hizi nina ua wa maiti. Halafu angalia anavyonipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, "Mama alikuwa akifanya hivyo." Mti wa mama yake mzazi, ananiambia niuue kwa mkono wangu ili kesho aseme ni mkono wangu.

Sikulia. Nilirudi nyumbani nikashona suruali mbili, na kila mshono nilikuwa nawaza. Nikapata. Baba Mkubwa anaamini karatasi tu. Basi nimemwandikia barua, nimeifunga kwa gundi na uzi, nimeipeleka kwa rejista ili posta waigonge tarehe. Ndani nimemwambia kwamba kuanzia leo nitakayomwandikia Wifi kuhusu bustani ni uongo, na sababu ataiona mwenyewe. Juu ya bahasha nimeandika aifungue mosi Agosti, mbele yetu sote. Mtu wa mahakama hafungui kitu kabla ya siku yake.

Muuza miche amekubali kuja kila Jumamosi kunionyesha. Sisimizi amesema atawatoa kwa maji ya sabuni na kitambaa kilichopakwa mafuta kuzunguka shina. Na mimi nitamwandikia Wifi kwamba kila kitu kinakufa. Nataka aongeze. Nataka aandike jambo baya kuliko chumvi, kwa mwandiko wake mzuri ule, aweke na sahihi.

Mdogo wako,
Fundi


20 Mei

Mdogo wangu,

Nimeisoma peke yangu kama ulivyotaka, na nimeichoma.

Wifi yako amekufanyia unyama, na neno lake la mwaka ule nililisikia kwa masikio yangu, nilikuwa mmoja wa hao waliochunguza vikombe. Sijajisamehe kwa kunyamaza. Kwa hiyo sikwambii uache.

Lakini nikuulize mimi dada yako, kwa kuwa wewe na mimi hatujawahi kufichana. Siku ile shemeji alipolazwa, jioni yake ulinipigia. Kesho yake ukanipigia mara mbili. Nilikuja, nikakaa na wewe pale hospitali, na nilikuona ukiongea na simu kama kawaida. Huyo wifi unamwambia ilikuwa mbovu. Nilidhani umempigia. Siku zote zile nilikuwa nikitazama nje nikijua yuko njiani.

Usinijibu kwa barua.

Dada


26 Mei

Wifi yangu,

Nakuandikia nimechoka. Ulisema bahati haikai mpaka Agosti, na kweli haikukaa.

Nilifuata neno kwa neno safari hii. Nyanya nilizimwagia saa sita, zimejaa madoa meusi, saba nimezing'oa. Chumvi nimetia mara mbili. Sisimizi wamepungua lakini na majani yamepungua, yanadondoka yakiwa bado mabichi, kila asubuhi nafagia. Kuna tawi lote upande wa jikoni limekauka.

Labda sikupima vizuri. Nisaidie, wewe ndiye mtaalamu. Imebaki miezi miwili na mimi sina pa kwenda na cherehani hii.

Fundi


7 Juni

Wifi,

Pole sana. Nilijua tu.

Usikate tamaa, maana ugonjwa ulioupata ni ule wa mizizi na una dawa moja. Chukua mafuta ya taa, lita tano. Toboa mashimo manne kwenye shina la mlimau kwa msumari mnene, yafike katikati, ujaze mafuta, yanayobaki mimina kwenye mizizi. Utaona majani yote yameanguka, hiyo ni dalili nzuri, mti unajisafisha. Nyanya zilizobaki zimwagie jivu la moto, likiwa bado na makaa, kwenye kila shina.

Ukimaliza niandikie unieleze ulivyoona, kidogo kidogo, siku kwa siku. Napenda kujua.

Wifi yako anayekuombea,
Bibi Shamba


4 Julai

Wifi,

Nimefanya. Mlimau umebaki vijiti. Nikitoka asubuhi na ufagio hakuna tena cha kufagia. Nyanya hazipo. Mawaridi nayo sijui yamepatwa na nini, yameinama.

Nimeanza kukunja vitambaa vya wateja na kuandika majina juu yake. Nakuomba uje na Baba Mkubwa siku hiyo. Kama ni kutolewa, nitolewe na wewe ukiwepo.

Fundi


13 Julai

Wifi,

Nitakuja. Nisingekosa.

Bibi Shamba


3 Agosti

Kwa wanangu wawili, Bibi Shamba na Fundi. Kila mmoja nakala yake.

Naandika yaliyotokea tarehe mosi ili yabaki kwenye kumbukumbu.

Tulifika saa nne kasorobo asubuhi, mimi, Bibi Shamba, na bwana shamba wa wilaya, ambaye Fundi aliniandikia mwezi jana akiniomba nije naye, awepo mtu wa kusema kitaalamu. Getini tulipokelewa na mawaridi mekundu na meupe, mengine yamevuka ukuta. Bibi Shamba alisimama hapo. Nilidhani ni goti. Nyanya nilizihesabu kumi na nne, zote zina matunda, mchicha matuta mawili, na mlimau wa marehemu mama yao umejaa mpaka matawi yamewekewa miti ya kuyaegemeza. Nilichuma limau moja nikaomba kisu.

Ndipo Fundi akanikumbusha bahasha. Niliifungua mbele ya wote, muhuri wa posta ukiwa tarehe 11 Mei. Nikaisoma. Halafu nikasoma barua zote, moja baada ya nyingine, kwa sauti, bwana shamba akisikiliza. Huyo alifundishwa kazi na Bibi Shamba mwenyewe, na nilipomtaka maoni aliomba aachwe asiseme. Sikumwachia. Akasema, akiwa ametazama viatu vyake: "Haya si makosa. Mwalimu wangu hawezi kukosea hivi."

Fundi, umeandika uongo katika barua mbili. Lakini ulitanguliza taarifa kwamba utasema uongo, kwa hiyo nimeupokea kama kielelezo.

Bibi Shamba, nimekubeba mgongoni ukiwa mtoto. Nimejaribu kutafuta neno la kukutetea na sikulipata. Nyumba watu huigombea, nimeona mengi mahakamani. Lakini msumari na mafuta ya taa kwenye mti wa mama yako mwenyewe, hilo sikulijua jina lake.

Uamuzi: nyumba ni ya Fundi. Hati nimeshaipeleka ibadilishwe jina. Bibi Shamba hatakanyaga kwenye ua huo bila ruhusa ya mwenye nyumba.

Baba Mkubwa


25 Agosti

Fundi,

Sikuombi msamaha, usome ukiwa umetulia.

Nilitaka kila ulichopanda kife ukikiangalia. Kidogo kidogo, na usijue kwa nini, kama mimi nilivyoshuka kwenye basi nikakuta kila kitu kimekwisha na hakuna wa kuniambia kwa nini. Mlimau nilitaka ufe pia. Heri ufe kuliko uchumwe na wewe. Ile barua ya mafuta ya taa niliiandika nikiwa nalia, lakini niliiandika.

Umenipata. Ningeweza kuvumilia Baba Mkubwa. Lakini yule bwana shamba nilimshika mkono nikamfundisha kupogoa, na siku ile alipita kando yangu kwenda garini bila kuniaga. Hapa mtaani watu walikuwa wakiniletea mimea yao inayoumwa. Sasa hawaleti, bwana shamba ametangaza au wamehisi tu, sijui. Kazi yangu yote umeichana kwa barua sita. Nakupa hongera ya fundi kwa fundi.

Nyumba kaa nayo. Hati kaa nayo. Nina swali moja na sitakuandikia tena maisha.

Siku zile tisa, kaka yangu aliniulizia? Andika ndiyo au hapana. Nimekaa na swali hili mwaka mzima na sina mtu mwingine wa kumuuliza, wewe ndiye uliyekuwa kando ya kitanda chake. Kama hakuniulizia, nitajua nilikuwa mtu wa namna hiyo kwake, nitakaa kimya.

Bibi Shamba


16 Septemba

Wifi,

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza ilikuwa na neno moja, hapana, na sahihi. Niliitia kwenye bahasha nikaibandika stempu. Nilijua itakukaa mwilini mpaka uingie kaburini, na nilikuwa tayari kuipeleka posta nikiimba. Nilirudi nayo njiani. Sikukuhurumia wewe. Ni kwamba hapana ingekuwa kumsingizia yeye.

Alikuulizia.

Siku ya kwanza aliuliza kama umejulishwa. Nikasema ndiyo. Siku ya pili akasema dada anapenda kusafiri asubuhi, kwa hiyo kesho. Siku ya nne aliomba mto uinuliwe ili auone mlango. Kila viatu vikipita ukumbini ananiangalia. Siku ya sita akasema lazima goti lako limekuzuia, akanituma nikuambie usijilazimishe, nikatoka nje nikasimama kidogo ukutani nikarudi, nikamwambia nimekwambia na umesema unakuja. Siku ya nane aliniuliza kama mabasi yamegoma. Siku ya tisa asubuhi hakuuliza kwa maneno, alikuwa ameshindwa kusema, alikuwa ameuelekea mlango tu.

Simu yangu ilikuwa nzima. Ya kwake nilikuwa nayo mimi, imezimwa, ndani ya mkoba.

Nilifanya makusudi. Nilikuwa nawaza wewe umesimama mlangoni sebuleni kwangu na lile neno lako, nikasema acha naye aje akute hakuna kitu, ajue inavyokuwa. Miaka mitano nilikuwa nangoja, na nafasi ikaja imevaa ugonjwa wa mume wangu, nikaichukua. Kila siku nilisema kesho nitampigia, lakini sikuwa nakusudia. Na siku zote tisa, wifi, sikumfikiria yeye hata mara moja. Nilikaa kwenye kiti chake cha kando ya kitanda, nimemshika mkono, nakufikiria wewe. Amekufa nikikufikiria wewe.

Dada yangu ameshajua, hanijibu barua.

Nimeandika kwa wino na nimeweka sahihi. Baba Mkubwa anaamini karatasi. Fanya utakalo.

Fundi


26 Septemba

Fundi,

Nimeisoma. Nimekaa nayo wiki nzima.

Baba Mkubwa yuko mtaa wa pili kutoka hapa. Ningevaa viatu tu, ningekuwa nimeshamkabidhi, na wewe ungekuwa nje na cherehani yako kabla ya mwezi kuisha. Siku ya kwanza nilivaa. Nikafika mpaka mlangoni kwake, nikamsikia ndani anakohoa, nikageuka.

Sitampelekea sasa. Akikutoa utakwenda mji mwingine, utapata wateja wengine, wa kushona hakosi kazi, na baada ya miaka miwili utalala usingizi. Sitaki ulale usingizi. Nataka ubaki humo humo na hati yako. Mwagilia. Palilia. Chuma malimau, yawe mengi.

Barua yako iko kwangu, na sijaamua nitaitoa lini. Inaweza kuwa wiki ijayo. Inaweza kuwa mwaka wa kumi, ukishazoea. Sitakuandikia kukupa taarifa. Utamwona Baba Mkubwa, au mwanawe kama yeye hayupo tena, amesimama nje na karatasi mkononi.

Kaka yangu alitazama mlango siku tisa. Sasa wewe tazama geti.

Bibi Shamba